Mungu Kwanza, Halafu Nani?

Ukisimama stendi ya Magu mjini asubuhi, pale magari ya kwenda Mwanza na yale ya kwenda Lamadi yanapogombania abiria, unaweza kusoma mengi bila kufungua kitabu. Vioo vya Hiace vimejaa mahubiri mafupi. Yupo aliyeandika kwamba Yesu ni Bwana, yupo aliyeandika Mashallah, yupo anayemshukuru mama yake mzazi. Lakini andiko linaloongoza, kwa hesabu ya macho yangu tu, lina maneno mawili: Mungu Kwanza. Liko kwenye bajaji, kwenye saluni, kwenye banda la wakala wa fedha za simu, kwenye ubavu wa mtumbwi kule mwaloni, na kwenye wasifu wa WhatsApp wa nusu ya watu ninaowafahamu. Mpaka miaka michache iliyopita lilikuwa kwenye wasifu wangu pia.

Tumezoea hapa kuchambua vitabu. Leo naomba nichambue hayo maneno mawili, maana naamini yanasomwa kuliko kitabu chochote ukanda huu wa ziwa, na naamini tunayasoma vibaya.

Siku moja ya gulio nilipanda gari lenye maandishi hayo kwenye kioo cha nyuma. Siti ya watu watatu tulikaa wanne. Kigoda kikawekwa mlangoni, mtoto akapakatwa na mama asiyemjua. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, gari si limejaa?" Konda akagonga bati akasema, "Mzee wangu, tunaenda na Mungu. Twende, dereva!" Abiria wakacheka. Na mimi nikacheka. Tulipovuka mji, goti la jirani likiwa ubavuni mwangu, ndipo nikaanza kujiuliza: Mungu ni wa kwanza kwenye foleni ipi? Maana kwenye gari lile wa kwanza alikuwa hesabu ya bosi, wa pili hela ya konda, na Mungu alikuwa kioo.

Konda simlaumu sana, ana hesabu ya kupeleka jioni. Lawama yangu ni kwa sisi tuliomfundisha konda huyo kusema vile, yaani sisi watu wa kanisani.

Kiswahili kina "kwanza" zaidi ya moja. Ipo ya kupanga foleni: kwanza supu, halafu ugali. Ukishamaliza supu, supu imeisha, unasogeza bakuli pembeni. Na ipo ile ya kumzuia mtu: ngoja kwanza, sikiliza kwanza, kaa kwanza. Hii ya pili ni breki. Mama akikwambia "ngoja kwanza" wakati umeshika mlango, unasimama, na pengine safari yenyewe inabadilika. Hoja yangu yote leo ni kwamba tumemweka Mungu kwenye ile kwanza ya supu. Tunamhudumia mapema ili tumalizane naye.

Mnajua jinsi tunavyomfanyia mgeni rasmi. Anapokelewa kwa ngoma, anakaa kiti chenye kitambaa, risala inasomwa, anatoa hotuba, anapewa chakula kabla ya watu wote. Hakuna anayebisha kwamba yeye ni wa kwanza. Halafu anasindikizwa kwenye gari lake, vumbi linatulia, na ndipo mtu wa muziki anaongeza sauti na shughuli yenyewe inaanza. Wengi wetu ndivyo tunavyomtanguliza Mungu. Saa ya kwanza ya siku ni yake, siku ya kwanza ya juma ni yake, mwezi wa kwanza wa mwaka una mfungo na mkesha, mshahara wa kwanza unaitwa malimbuko. Tunampa vya kwanza vyote, kisha tunamsindikiza. Saa tatu asubuhi, wakati mizani inapotolewa nje ya duka, mgeni rasmi ameshaondoka.

Sasa niseme la kwangu, maana si haki kumtaja konda nikajificha mimi.

Mimi ni mwalimu. Mwaka ninaousema nilikuwa nimeokoka vizuri tu, ninaongoza kikundi cha maombi, na kanisani kwetu ilihubiriwa Desemba nzima kwamba anayetaka mwaka wa kufunguliwa amtolee Mungu mshahara wote wa Januari. Wote, si fungu la kumi. Mhubiri alieleza vizuri, na nakiri nilitokwa na machozi. Januari nikaweka mshahara kwenye bahasha, nikaandika jina na mahitaji yangu matatu, nikapeleka madhabahuni. Tukapigiwa makofi. Tulioleta malimbuko kamili tuliombewa peke yetu mbele.

Nyumbani kwangu alikuwepo dada wa kazi, binti wa kijiji kimoja huko ndani. Nilikuwa sijamlipa Novemba wala Desemba. Nilikuwa nimemwambia atapata zote kwa pamoja Januari, akaitikia. Katikati ya mwezi mama yake akaja, miguu ina vumbi mpaka magotini. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia mhola, nikampa kiti. Akasema amekuja kuchukua zile hela za binti, mdogo wake anaingia kidato cha kwanza na hana sare wala daftari.

Nikamjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia: "Mama, mwezi huu tulimtanguliza Mungu. Vumilieni kidogo."

Hakukasirika. Alinyamaza, akatazama mikono yake, akasema, "Sawa, mwalimu. Ila mimi nilikuwa namwomba huyohuyo anipe hizo hela."

Akanywa maji, akaondoka. Nilimlipa mwezi wa tatu. Natamani kuwaambia kwamba niliugua, au kwamba ng'ombe wangu walikufa, ili hadithi ikae vizuri. Hakuna kilichotokea. Nilisifiwa kanisani, na hitaji langu moja kati ya yale matatu lilipatikana. Mtoto wa yule mama alianza shule amechelewa, kwa sare ya kuazima. Hilo ndilo lililonitisha baadaye: kwamba mtu anaweza kumdhulumu mjane, akasimama mbele ya madhabahu kwa fedha ya mjane huyo, akapigiwa makofi, na usiku akalala.

Nilimtanguliza Mungu kweli? Tuulize Biblia yenyewe, hiyohiyo tunayoitumia kuhubiria malimbuko.

Mstari tunaoutumia kwa jambo hili tunaujua wote, uko Mathayo sura ya sita. Yesu anasema tutafute nini kwanza. Wengi wakiulizwa hujibu haraka: ufalme. Ni kweli, lakini wameishia nusu. Ametaja vitu viwili, na cha pili ni haki. Kwa bahati, watafsiri wetu walitumia neno ambalo kwa Kiswahili halina uchochoro. Katika baadhi ya lugha kuna neno moja la utakatifu wa mtu na jingine la kumpa mtu stahili yake, na mhubiri anaweza kujificha kwenye lile la kwanza. Kwetu haki ni haki. Ndiyo tunayoitafuta kwa Mungu, na ndiyo tunayoidai kwa mwajiri. Mama akisema "nimekuja kuchukua haki ya mwanangu," anatumia neno lilelile la Mathayo sita. Sisi tumeshika ufalme kwa mikono miwili, haki tumeiachia ianguke.

Tena ipo "kwanza" nyingine, sura moja nyuma, sura ya tano, na hii siioni kwenye gari lolote. Yesu anamzungumzia mtu aliyefika na sadaka yake mbele ya madhabahu, akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo naye. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane na ndugu, halafu ndipo arudi aitoe. Someni wenyewe muone ni nani aliyewekwa kwanza hapo. Mungu mwenyewe anakubali kusubiri. Na huyo ndugu ndiye mwenye lalamiko, yaani anayedai ni yeye, si wewe. Sijui kama kuna mwenye mamlaka duniani anayesema "usinipe changu mpaka umpe yule chake." Mungu wa Biblia anasema hivyo, na sisi tunamkatalia kwa jina lake.

Yapo na mengine. Torati inaagiza kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na anaitegemea. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Mungu. Amosi anawacheka wafanyabiashara wa dini waliokuwa wakiitunza Sabato huku wakihesabu saa iishe, wakafungue ghala, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Watu hao Mungu alikuwa wa kwanza kwenye kalenda yao. Na katika Marko sura ya saba Yesu anakutana na mchezo wangu hasa. Watu walikuwa wakichukua mali iliyopaswa kuwatunza baba na mama, wanaitamkia kwamba ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na mzazi anarudi mikono mitupu. Yesu hakusema ni ibada iliyozidi kidogo. Alisema wanalitangua neno la Mungu. Kwa hiyo bahasha yangu ya Januari ina jina lake la zamani. Mimi nilidhani ni malimbuko, kumbe ilikuwa korbani.

Najua nitajibiwa, na majibu mengine ni mazito, tusiyakimbie.

Jibu la kwanza: mwalimu, umegeuza imani kuwa ustawi wa jamii. Yule mwanamke aliyemmiminia Yesu manukato ya thamani, wanafunzi walinung'unika kwamba yangeuzwa wakapewa maskini, na Yesu akamtetea mwanamke. Ni kweli, na naipenda sana habari ile. Kuna kutoa kunakovuka hesabu, na anayependa anakuelewa. Lakini manukato yalikuwa yake. Hakuwa ameyakopa sokoni, wala hakuwa ameyanunua kwa mshahara wa mtumishi wake. Vivyo hivyo yule mjane wa senti mbili: alitoa vyake, hakutoa vya mwenzake. Na mkifungua hapo Marko kumi na mbili mtaona kwamba kabla tu ya kumsifu mjane, Yesu alikuwa akiwaonya watu kuhusu wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Tunauhubiri mstari wa mjane kila tunapojenga. Ule ulioutangulia tunauruka.

Jibu la pili: ungepanda mbegu kwanza, Mungu angekubariki, ukamlipa huyo binti mara tatu. Hili ndilo nililoliamini. Lakini mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga na choroko, na kwetu hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kupanda mbegu ya jirani bila kumwambia. Mavuno yakija, mazao ni ya nani? Na yasipokuja, nani amelala njaa? Mbegu ikiwa ya kudhulumu, hata ukivuna gunia mia, umevuna dhuluma yenye magunia.

Jibu la tatu: unataka kanisa life njaa. Hapana. Bado natoa fungu la kumi, na wachungaji wengi wa vijijini nawajua wanaishi kwa shida kuliko mimi. Sadaka za waumini zimefanya kazi kubwa kanda hii. Mgonjwa wa Magu akizidiwa hupelekwa Bugando, hospitali ya Baraza la Maaskofu Katoliki, na hakuna anayemuuliza dhehebu. Sipingi kutoa. Ninachosema ni kwamba toleo lina mpangilio wake, na mpangilio huo ameuweka yeye anayetolewa.

Hapa wilayani kwetu jambo hili si geni, tumelisahau tu. Injili ina zaidi ya miaka 130 kwenye fukwe hizi. Wamisionari wa CMS walianza Nassa, juu ya Ghuba ya Speke, mwaka 1888. Mwaka 1909 kituo kikachukuliwa na Africa Inland Mission, ambayo ndiyo mama wa AICT ya leo. Nassa ilikuwa Magu mpaka juzi tu, mwaka 2012, Busega ilipokuwa wilaya. Kwa hiyo hatuwezi kusema sisi ni wachanga katika imani.

Na tuna historia ya mizani pia. Miaka ya mwanzo ya 1950, mkulima wa pamba wa Usukuma alikuwa anapeleka mzigo kwa wanunuzi na kuibiwa mchana kweupe kwenye kilo. Watu waliojipanga kupambana na hilo hawakuanza na hotuba. Walianza na mizani: waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, wasimame pale waangalie mshale. Kutoka hapo kukazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, VFCU, moja ya miungano mikubwa ya ushirika Afrika nzima wakati ule. Aliyeongoza kazi hiyo, Paul Bomani, baadaye Waziri wa Fedha, alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Sitaki kumfanya mtakatifu, na siwezi kuusemea moyo wake. Lakini ninapoitazama ile kazi naona kitu kinachofanana na Mithali kuliko stika zetu zote. Mithali inasema mizani ya hila inamchukiza Mungu. Inasema hivyo zaidi ya mara moja, na wala haisemi kwa mafumbo.

Leo je? Nenda mnadani. Sado imegongwa kitako ndani ili ibebe kidogo. Gunia limefungwa lumbesa, limepandishwa juu na nyavu kama mwenye mimba, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua. Kwenye pamba, mnunuzi anachezea mizani, na mkulima naye, ili asizidiwe, anamwagia pamba maji na mchanga usiku. Mwaloni, dagaa wanauzwa na mchanga wao. Jumapili, na Jumamosi kwa ndugu zetu Wasabato, mchezeaji wa mizani na mmwagaji wa maji wanakaa benchi moja, wanaimba sauti mbili tofauti za wimbo mmoja. Hakuna anayewaita mbele. Akija mtu aliyelewa kidogo tu, au binti aliyepata mimba, huyo tunamtenga miezi sita. Nimeabudu hapa maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu anatengwa kwa sababu ya sado.

Na sado ni mchezo mdogo ukilinganisha na ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Nyumba nyingi za kanda hii zina picha ukutani ya mtu aliyeondoka nayo. Tukasema hatutasahau. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora kwenda Ukara, hapo Ukerewe, ng'ambo ya ghuba yetu. Kilikuwa kinaruhusiwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika, na waliokufa peke yao walikuwa 228.

Msibani tulisema nini? Tulisema ni mapenzi ya Mungu. Tulisema Mungu amewapenda zaidi. Naelewa kwa nini mtu anasema hivyo wakati amesimama mbele ya majeneza. Maneno ya faraja hayapimwi kwa rula. Lakini tukikaa nayo mwaka mzima, miaka mitano, ishirini, yanageuka kuwa kitu kingine. Watu 101 wanaruhusiwa, wanapakiwa maradufu na zaidi, chombo kinapinduka, na wa kwanza kutajwa ni Mungu. Hapo ndipo nasema kwa uchungu: kwenye lawama kweli tumemweka kwanza. Aliyekata tiketi anakuja wa pili, aliyeona akanyamaza wa tatu, na sisi tuliojisukuma kuingia kwa sababu gulio limechelewa hatujitaji kabisa. Kumsingizia Mungu mzigo tuliopakia wenyewe ni kulitaja jina lake bure, hata kama tumevaa nguo za msiba.

Sipendi kubomoa tu. Upo mfano mzuri, na uko wilayani kwetu, ingawa si wa dhehebu langu. Kila Juni pale Bujora, Kisesa, hufanyika Bulabo. Wengi wanaijua kwa mashindano ya ngoma, Bagika na Bagalu, watu wanacheza na nyoka na fisi. Lakini sherehe ile ilikua kutokana na sikukuu ya Wakatoliki ya Ekaristi, na neno lenyewe la Kisukuma ni maua, yale yaliyotandazwa njiani. Mimi si Mkatoliki, na kuna mambo ya mafundisho yao nitakayobishana nayo mpaka asubuhi. Ila wazo la maandamano yale linanigusa. Anayeabudiwa haachwi ndani ya jengo. Anatolewa nje, anapita vumbini, mbele ya wauza miwa na wauza dagaa, mbele ya wachezaji wanaotafuta ushindi. Hasindikizwi aondoke ili shughuli ianze. Anaingizwa katikati ya shughuli. Nikitafuta picha ya Mungu kwanza nisiyoionea aibu, ni hiyo: Mungu aliyefika mpaka kwenye meza ya muuzaji na kusimama pale kama wale wapimaji wa pamba, anaangalia mshale.

Zakayo alielewa hili bila semina. Yesu aliingia nyumbani kwake, hesabu zikafunguliwa. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Hakutaja hekalu hata kidogo. Na hapo ndipo Yesu aliposema wokovu umefika kwenye nyumba ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji wetu wa Magu, wa kanisa la bati na wa kanisa la vioo, ni dogo na halina gharama. Desemba mkianza kuhubiri malimbuko, wekeni Jumapili moja mbele ya zote. Siku hiyo msipokee bahasha. Ulizeni swali hili mbele ya watu wote: nani hapa anadaiwa mshahara na mtu anayelala nyumbani kwake? Nani amechukua samaki kwa mali kauli tangu mwezi wa tisa na anapita njia ya nyuma? Nani ana sado yenye kitako cha uongo? Halafu waambieni waende kwanza, warudi Jumapili inayofuata. Kapu litapungua, najua. Pengine kwa mwaka mmoja litapungua sana. Tutajua basi ni kiasi gani cha sadaka yetu kilikuwa cha watu wengine.

Na wewe mwenye kuandika Mungu Kwanza kwenye kioo, sikwambii ufute. Acha yabaki, ni maneno mazuri. Ila abiria wa nne akiinama kutaka kuingia kwenye siti ya watatu, yasome wewe kabla yetu. Yasome kama mama yako anavyosema ukiwa umeshika mlango: ngoja kwanza.

Yule mama bado nakutana naye siku za mnada. Anauza choroko, anaijaza sado mpaka inamwagika, anafuta kwa mkono, halafu anaongeza kidogo juu. Namwamkia, anaitikia, anauliza habari za wanangu. Hajawahi kunikumbusha. Mimi ndiye ninayekumbuka, kila Januari, ninaposhika bahasha.